Mfereji Uliobarikiwa Mara Tatu

Watu waliomjua yule sista watakuambia kwamba alikuwa mpole. Wasikudanganye. Mimi nilifanya naye kazi miaka kumi na mmoja katika wodi ya wazazi, nikimfulia mashuka na kumchotea maji, na naapa kwamba upole haukuwa hata namba tatu katika mambo aliyojaliwa. Alijaliwa kwanza ukaidi, halafu kicheko, halafu mikono. Upole alikuwa akiuazima siku za wageni.

Tulimwita Sista Spana. Alikuwa mkunga wa kusomea, lakini baba yake, huko kwao, nchi nyingine kabisa, safari ya siku tatu kwa gari, alikuwa fundi bomba asiye na mtoto wa kiume. Akamfundisha binti yake kukata bomba kabla hajajua kusuka nywele. Siku binti alipoingia utawani, baba hakumpa rozari kama baba wengine. Alimpa spana yake ya bomba, chuma kizito, mpini umeng'aa kwa miaka ya kushikwa. Masista wana sheria yao: ukihamishwa nyumba unaondoka na sanduku moja, na ndani yake ni vitu ulivyokuja navyo tu. Katika sanduku lake mlikuwa na magauni mawili ya kitawa, Biblia, jozi ya viatu, na hiyo spana chini kabisa. Kila aliyewahi kumbebea sanduku lile alimtazama mara mbili.

Asubuhi akitoka kanisani alikuwa analibana gauni lake pembeni kwa vibanio viwili vya kuanikia nguo, anatumbukiza miguu katika mabuti ya mpira ya kiume, anakuja wodini. Mabuti yalimzidi namba mbili. Ulikuwa unayasikia uani kabla hujamwona, na akina mama waliokuwa wakilia kwa uchungu walikuwa wakisema, "Haya, amefika," wakapumua kidogo.

Wodi yenyewe ilikuwa ndogo: vitanda vinne, meza ya kuzalishia, kabati la dawa lenye mlango mmoja badala ya miwili, na ukutani sinki jeupe lenye koki. Koki hiyo ilikuwa pambo. Waliojenga wodi waliiweka wakaahidi kurudi na maji, na hadi leo wako njiani. Maji yalikuwa kichwani kwangu. Chemchemi iko ubavuni mwa kilima, dakika arobaini kwenda na kurudi, nami nilikuwa naenda mara sita kwa siku, mara nane wazazi wakiwa wengi. Ndiyo maana watu waliniita Mama Ndoo. Utosi wangu umekuwa bapa. Ukiniwekea kikombe cha chai hakimwagiki.

Basi mwanzoni mwa mwezi mmoja akaja mkaguzi wa afya. Alikuwa mtu mwembamba mwenye faili kubwa na adabu nyingi, na adabu hiyo ndiyo iliyoniudhi, kwa sababu mtu mwenye adabu huwezi kumfokea. Alikagua vitanda, akasifu usafi, akaenda kwenye sinki, akafungua koki. Ikalia kama panya, halafu akatoka buibui mdogo, akatembea juu ya sinki bila haraka.

"Sista," akasema mkaguzi, "nimeandika habari hii mara mbili mwaka jana."

"Najua. Nipe muda."

"Hadi tarehe thelathini. Nikirudi nikute maji yanatoka hapa. Yasipotoka nitaleta kufuli, na sitalileta kwa furaha."

Nieleze kufuli hilo lilikuwa na maana gani. Wodi ikifungwa, hospitali iko ng'ambo ya mto, nusu siku kwa mkokoteni, mahali pengine unasukuma na pengine unabeba. Mdogo wangu wa tumbo moja alifia katika njia hiyo kabla wodi haijajengwa, na mtoto hakutoka. Na mwezi huo mkaguzi alipokuja, binti yangu wa pekee alikuwa na mimba inayokaribia siku zake. Kwa hiyo mkaguzi aliposema kufuli, mimi niliona mkokoteni. Niliogopa, nikashika ndoo ili mikono ipate kazi.

Mabomba tulikuwa nayo. Yalikuwa msaada wa miaka miwili nyuma, yamelala nyuma ya kanisa, nyasi zimeota juu yake. Fundi aliyeletwa kuyafunga alitazama chemchemi, akatazama kigongo cha ardhi kilichoko kati ya chemchemi na wodi, akasema maji hayapandi mlima, akala chakula cha mchana, akaondoka.

Kesho yake, mkaguzi akiwa ameshaondoka, Sista Spana akanichukua na mpira mrefu wa plastiki unaoonyesha ndani, ukiwa umejaa maji. Mimi nikashika mwisho mmoja, yeye mwingine, tukapima hatua kwa hatua kutoka kwenye chemchemi hadi juu ya kigongo, tukilinganisha maji ya huku na ya kule.

"Kigongo kiko chini ya chemchemi kwa kimo cha mtu na nusu," akasema, na macho yakamng'aa. "Yule fundi alipima kwa tumbo. Maji yatashuka tu, Mama Ndoo, ila njiani yatajikwaa kidogo."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," nikamwambia.

"Basi inama, ushike mpira vizuri."

Wachimbaji waliletwa na katekista, ambaye ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Ni mtu mwema, mwenye sauti ya kuamsha wafu na masikio ya kupamba kichwa. Alikusanya wanaume kumi na wawili. Sista akapiga vigingi vyenye vitambaa vyekundu kuonyesha njia ya mfereji: kutoka chemchemini hadi kigongoni, kushuka, kisha pale kwenye kigingi kikubwa kukata kushoto kuelekea wodini. Ukinyooka pale badala ya kukata kushoto, unaishia kwenye banda la nguruwe la paroko.

Hapo ndipo mafungo yalipoingia. Kila mwaka masista wanakuwa na siku nane za sala na kimya. Hawasemi neno, hata la chumvi mezani. Sista Spana alimwendea Mkuu wa nyumba, mama wa makamo aliyenyooka kama rula, akamwomba waahirishe. Mimi nilikuwa pale nikipanga taulo, nikasikia yote.

"Yamepangwa tangu mwaka jana," Mkuu akasema, "na padri wa kuyaongoza yuko njiani. Utatoka kwa muda wa saa moja kila alasiri kuangalia mfereji. Kwa kimya."

"Basi nitakuwa nawaandikia wachimbaji."

"Karatasi nayo ni mdomo, Sista."

Kuna watakaosema huo ni upuuzi. Mimi nilisema hivyo siku ile ile, tena kwa sauti, na ndoo nikaibwaga. Sista Spana akanitazama tu. Alikuwa ameshaanza kunyamaza.

Wodini tulibaki mimi na muuguzi wa zahanati, na siku mbili za kwanza tulikuwa na wazazi watatu, sikupata nafasi ya kutia pua nje. Niliyokosa nilisimuliwa baadaye na kila mtu, na kila mtu aliongeza chumvi yake, lakini kiini ni hiki. Mbuzi alikula kitambaa cha kigingi kikubwa, kisha akakiangusha na kigingi chenyewe. Wachimbaji walipofika pale hawakuona alama, wakanyooka. Alasiri Sista akatokea na mabuti yake, akaona mfereji unakwenda kwa nguruwe, akanyanyua mkono juu, kiganja wazi: simameni!

Sasa jiweke mahali pa shemeji yangu. Siku za mafungo. Sista, gauni jeupe, kimya, mkono juu. Shemeji akavua kofia. Wote wakavua kofia, wakapiga ishara ya msalaba, wakaitika "Amina," wakarudi kuchimba kama watu waliotiwa mafuta mapya. Sista akanyanyua mikono yote miwili. "Amina!" Akanyanyua mara ya tatu, akipiga buti chini kwa nguvu. "Amina!" na mmoja akatoa machozi kwa kuguswa. Halafu kengele ya sala ikalia, na kwao kengele ikilia unaacha hata herufi uliyokuwa ukiiandika katikati.

Siku ya pili akaja na shauri jingine. Akaingia ndani ya mfereji, mbele ya majembe yao, akaketi chini.

"Sista anasali, jamani," akasema shemeji yangu. "Tusimkatize."

Wakamruka. Waliacha hatua tatu pale alipoketi, wakaendelea mbele yake.

Siku ya tatu nilipata mwanya, nikapanda kuwapelekea maji ya kunywa. Nikamkuta Sista ameketi mferejini, matope hadi magotini, macho mekundu.

"Sista, kulikoni hapo chini?"

Akanyoosha kidole kwenye wodi. Akakirudisha kwenye mfereji. Akakipeleka polepole kwenye banda, ambako nguruwe jike lilikuwa limesimama likitusubiri.

"Shemeji!" nikapiga kelele. "Mnawapelekea nguruwe maji?"

"Sista ametubariki!"

"Amewabariki nini? Amewaambia simameni!"

"Mara tatu?"

"Mara tatu!"

Shemeji akautazama mfereji, hatua sitini za ardhi yenye mawe. "Sasa mbona hakusema?" akauliza, na hilo, nakiri, lilikuwa swali la haki. Nikamgeukia Sista. Mabega yalikuwa yakitetemeka, ameuma shela yake kwa meno, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Halafu nikaona na machozi, na hadi leo sijui yalikuwa ya upande gani.

Kucheka hakukurudisha siku tatu. Wanaume saba waliweka majembe begani, akiwemo dereva wa misheni, wakasema baraka za namna ile zimewatosha. Waliobaki walikuwa watano, na mawe hayakupungua.

Mafungo yakaisha. Tarehe kumi na sita mchana nilikuwa nikiingiza maji jikoni kwa masista, na kati ya jiko na chumba cha kulia kuna dirisha la kupitishia vyombo. Nikamwona Mkuu amesimama na barua. Barua ya uhamisho husomwa mezani mbele ya wote. Anayetajwa anasimama, anasema "Nipo," na baada ya siku saba hayupo. Mkuu akasoma. Akalitaja jina la Sista Spana na nyumba iliyo mbali kuliko hata kwao.

Sista akasimama.

"Nipo," akasema. Kisha, "Naomba wiki moja zaidi."

"Barua inasema tarehe ishirini na tatu."

"Ndiyo, Mkuu."

Akaketi, akamaliza wali wake. Mimi nilimwaga ndoo nzima ya maji jikoni na sikuyapangusa.

Jioni nilimfuata chemchemini, alikuwa anajenga kisanduku cha saruji cha kukusanyia maji.

"Kataa," nikamwambia.

"Sikatai."

"Basi ugua! Ugua wiki moja tu, mimi nitashuhudia."

Akacheka, lakini kicheko hakikufika machoni. "Mama Ndoo, nilikubali kutumwa kabla hujanijua. Sikusema nitatumwa nikishamaliza. Na usifikiri hainiumi. Inaniuma hadi mifupani." Akajifuta saruji kwenye gauni. "Tuna siku saba. Lete mikono yako."

"Ya nini?"

"Mikono iliyobeba ndoo miaka kumi na mmoja haitashindwa na spana."

Nilikuwa na miaka hamsini na miwili. Nilimwambia mtu mzima hafundishwi, akaniambia mtu mzima ndiye anayejua kwa nini anafundishwa. Basi nikafundishwa. Unasafisha meno ya bomba kwa brashi ya waya. Unazungusha nyuzi za katani kwa kufuata meno, si kinyume, unapaka rangi juu yake, unaingiza soketi kwa mkono hadi igome, ndipo unaita spana. Kiungo changu cha kwanza kilivuja. Akanifanya nikifungue.

"Sista, ni tone moja tu!"

"Tone moja kwa siku ni ndoo kwa mwaka. Utaibeba wewe? Tena."

Nilikifungua mara saba. Mara ya saba kilikauka kama mfupa, na hakunisifu, alinisogezea bomba lingine. Tulifunga mabomba kumi kwa siku, halafu kumi na tano. Viganja vyangu vilitoka malengelenge mahali ambapo ndoo haikuwahi kugusa.

Tarehe ishirini nikainua kichwa nikaona gauni jeupe linapanda, na nyuma yake mengine manne. Alikuwa Mkuu wa nyumba, amekunja mikono ya gauni, jembe begani. Hakutusalimu kwa maneno mengi.

"Barua siwezi kuibadilisha," akasema. "Jembe nalijua."

Kusema kweli nilikuwa nimemchukia mama yule tangu siku ya barua. Alichimba hadi giza likakaribia, mgongo umenyooka vile vile, na chuki yangu ikakosa pa kukaa.

Asubuhi ya tarehe ishirini na tatu nilifunga kiungo cha mwisho, kile cha chini ya sinki, mimi mwenyewe, yeye amesimama na mikono nyuma. Shemeji akafungua maji kule chemchemini. Tukasubiri mbele ya koki. Binti yangu naye alikuwepo, tumbo mbele, mkono kiunoni. Koki ikavuta pumzi, ikatulia. Ikapita nusu saa, ikapita saa nzima, hata jasho haikutoa.

Uani gari la misheni lilikuwa likinguruma. Lilitakiwa lifike kwa masista wenzao kabla ya jua kuzama.

"Ni upepo," Sista akasema. "Umenaswa juu ya kigongo. Pale nilifunga kizibo. Nenda ukilegeze, usikitoe. Upepo utatoka kwanza, usiogope kelele zake. Ukiona kinatema maji, kaza."

"Twende wote."

"Mimi nimeitwa, Mama Ndoo." Akafungua sanduku lake, akaitoa spana, akaniwekea mkononi.

"Hii ni ya baba yako!"

"Nilikuja nayo, kwa hiyo sheria inaniruhusu kuondoka nayo. Hainilazimishi." Kisha akanishika usoni kwa mikono yote miwili, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Maji yakifika, piga kengele ya kanisa."

"Kengele ni ya sala."

"Na hayo maji ni nini?"

Sikumwona akipanda gari. Nilikuwa ninapanda kigongo, spana begani, nikilia kwa hasira na kumwomba Mungu msamaha na kumlaumu kwa pumzi ile ile. Nilipofika juu gari lilikuwa vumbi tu. Nikapiga magoti, nikaita spana. Kizibo kiligoma, nikajikaza, kikalegea. Upepo ukatoka ukipiga mluzi, mrefu, mrefu, hadi nikadhani tumefunga bomba la upepo mtupu. Halafu likakohoa. Likanitemea tone usoni, la pili, la tatu, kisha mchirizi. Nikakaza.

Niliteremka mbio kama mwizi. Nilipofika mlangoni koki ilikuwa ikitetemeka na binti yangu ameishikilia kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika jogoo. Yakatoka maji ya kahawia, yakakatika, yakatoka tena, yakawa meupe. Sikuyagusa kwanza. Niliyatazama yakidondoka bila kichwa cha mtu chini yake.

"Shemeji, kengele!" nikamwita, naye alikuwa ameshateremka kutoka chemchemini.

"Saa hizi? Kengele ni ya sala, shemeji."

"Na hayo ni nini? Piga!"

Akapiga, na ukimpa mtu yule ruhusa ya kelele hajui kuacha.

Tarehe thelathini mkaguzi akaja. Akaifungua koki kwa nguvu zote, akiwa amezoea kwamba haina kitu, maji yakamrukia kwenye faili na suruali. Akacheka hadi adabu ikamtoka. Akauliza nani fundi, ajaze fomu. Shemeji yangu akafungua mdomo kueleza, nami nikainyanyua spana tu. Akaandika. Siku nne baadaye binti yangu akajifungua mtoto wa kike katika kitanda cha pili, na mimi bibi yake nikamwogesha kwa maji ambayo hakuna aliyeyabeba.

Nilitaka sana Sista ajue. Sikuwa na hakika kama kengele ilimfikia, na hilo lilininyima raha.

Dereva wa misheni, aliyempeleka, alirudi wiki ya pili, gari limemharibikia njiani. Alikuja moja kwa moja wodini, akakaa kwenye benchi, akageuzageuza kofia yake. Akasimulia kwamba pale barabara inapopinda juu ya mlima, kanisa linapoonekana kwa mara ya mwisho, Sista alimwambia asimamishe gari na kulizima. Akashuka, akasimama vumbini na mabuti yake. Wakakaa pale rozari nzima ikapita, na nyingine ikaanza.

"Nikamwambia, Sista, tutachelewa. Akasema barua inataja tarehe, haitaji saa."

Akangoja tena. Dereva akakohoa, akataka kuongea, na hapo hapo Sista akanyanyua mkono juu, kiganja wazi, ili anyamaze. Kwa mbali, saa ambayo si ya sala, kengele ilikuwa ikilia.

"Sasa mimi, Mama Ndoo, nilipouona ule mkono..." Akainamisha kichwa kwa aibu. "Nilivua kofia. Nikapiga msalaba. Nikasema Amina. Sijui nilipatwa na nini."

"Naye?"

"Hakuushusha mkono hadi kengele iliponyamaza. Halafu akanigeukia, uso wote umelowa, akasema, 'Leo umepatia.' Akapanda gari."